Pesti ya prosesa: ukiinua bamba, weka mpya

SWALI: Laptopu yangu ina miaka 5. Nikicheza video tu feni inavuma, na joto la prosesa linafika nyuzi 97. Nimefungua na kupuliza vumbi, hali ni ileile. Naambiwa pesti, ule ute mzito unaopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba linaloipoza, imekauka. Niweke kiasi gani? Na nikishang'oa bamba la shaba kisha nikaghairi, naweza kulirudisha na pesti ileile?

JIBU: Usilirudishe. Bamba likishainuka, pesti imeachana. Ukilikandamiza tena hewa hunaswa katikati, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo tu, kwa kuziba vijishimo ambavyo macho hayavioni kwenye shaba na kwenye prosesa.

Kabla ya kubadilisha pesti, mashine ikiwa imezimwa na waya wa betri umechomolewa, toa feni na utazame pale inapopulizia, kwenye mapezi ya kupozea. Mara nyingi vumbi la hapo limeshikana likawa kama kipande cha blanketi, na kupuliza kwa nje hakulitoi. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke.

Kama vumbi si tatizo, rudisha feni na betri, washa mashine dakika 5 ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima, chomoa chaja, fungua kifuniko na uchomoe waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Skrubu za bamba kwa kawaida zimeandikwa namba kando yake. Kufungua, anza na namba kubwa ukirudi chini, nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Zisipokuwa na namba, nenda kwa mshazari. Haraka hapa ni ghali: prosesa nyingi za laptopu hazina kifuniko cha metali kama zile za kompyuta za mezani, na bamba likiinama upande mmoja linaweza kumega pembe ya prosesa. Bamba likigoma, lizungushe kidogo kushoto na kulia. Usilichokonoe kwa bisibisi.

Futa nyuso zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Sasa kiasi. Tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha prosesa ndogo. Ile ndefu ya mstatili ipewe punje mbili. Tandaza kwa kadi ya plastiki mpaka uso wote ufunikwe, pembe zikiwemo, kwa utando mwembamba. Kama kuna chipu ya picha chini ya bamba hilohilo, nayo ipate yake. Pesti ikizidi kidogo itatoka pembeni, na kama haipitishi umeme haina neno. Ikipungua na kuacha pembe wazi, hilo ndilo kosa lenyewe.

Tazama pia vile vipande laini vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu na vifaa vya umeme. Kikichanika, weka kingine cha unene uleule, pima, usikisie. Mahali pa milimita 0.5 ukiweka ya milimita 1, bamba litaning'inia juu ya prosesa bila kuikandamiza, na joto litakuwa baya kuliko mwanzo. Wengi huilaumu pesti mpya wakati kosa liko hapo.

SWALI: Je, metali ya majimaji, ile inayowekwa badala ya pesti, si bora zaidi? Na dawa ya meno?

JIBU: Dawa ya meno hukauka upesi, iache. Metali ya majimaji hupoza vizuri kweli, lakini inapitisha umeme, na galiamu iliyomo hula aluminiamu. Kwa laptopu tunapendelea pesti nzito isiyopitisha umeme. Ile nyepesi husukumwa nje kidogokidogo kila prosesa inapopata moto na kupoa, na baada ya miezi kadhaa unarudi ulipotoka.

SWALI: Nitajuaje kama nimeifunga sawasawa?

JIBU: Andika joto kabla na baada, kwa kazi ileile nzito, dakika 15. Likipanda hadi 100 ndani ya sekunde chache, au kiini kimoja cha prosesa kikawaacha wenzake kwa nyuzi 15, bamba halijakaa. Fungua, futa, weka pesti mpya, kaza upya kwa kufuata namba kuanzia 1.