Rafu yangu inafuata jua la Kisumu

Wiki hii mliuliza: "Mimea yako ya chungu umeiweka wapi nyumbani, na kwa nini hapo?" Yangu iko kwenye rafu niliyoiunda mwenyewe kutokana na ngazi kuukuu ya mbao, hapa Migosi, Kisumu, ghorofa ya pili. Ila hiyo "wapi" kwangu hubadilika mara mbili kwa mwaka, na ndiyo sababu nimeandika.

Rafu yangu ya kwanza ilikuwa ya ukutani. Ubao wa mita moja na nusu, vyuma viwili vya pembe, misumari ya zege. Nikapanga mikebe sita ya lita nne nne, nikamwagilia, nikaenda kazini. Jioni nilikuta ubao unaning'inia kwa chuma kimoja, udongo umeingia hadi chini ya kochi, na ile jeraniamu aliyonipa mama mkwe imekatika shina. Iliniuma sana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na udongo ulioshiba maji hauna uzito mdogo kuliko huo. Nilikuwa nimetundika zaidi ya kilo 20 kwenye plasta. Tangu siku hiyo sijapigilia msumari ukutani kwa ajili ya mmea.

Ngazi niliipata kwa mpaka rangi aliyekuwa akiitupa. Nikaifungua miguu, nikalaza mbao za paleti juu ya vipandio vyake: chini pana, juu nyembamba, ili cha juu kisikinyime cha chini mwanga. Ukinunua mbao za paleti, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. HT maana yake zilitibiwa kwa joto. Zenye MB zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, na mimi hapo napanda dania na mnanaa tunaokula. Kati ya ubao na ubao niliacha upenyo wa kidole kimoja, maji yasituame. Visahani vya chini ya mikebe navijaza mchanga. Maji wazi katika mji wetu huu ni kuwatandikia mbu kitanda.

Sasa jua. Karibu kila ushauri niliosoma unatoka Ulaya au Marekani, nao unasema dirisha linalotazama kusini ndilo lenye jua. Nilihangaika nao mwaka mzima. Kisumu iko kusini kidogo tu ya Ikweta: Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini, Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini. Roshani yangu inatazama kaskazini. Mwezi Juni miale huja hadi kizingitini na mshubiri unanenepa. Desemba roshani hiyo hiyo ni kivuli cha kutwa, na mshubiri ule ule unarefuka kwa kutafuta mwanga hadi unalala. Nilidhani una ugonjwa. Kumbe dirisha la jikoni, upande wa pili wa nyumba, ndilo lilikuwa linaoga jua.

Ndipo nikampelekea seremala magurudumu manne ya kiti cha ofisi kilichovunjika. Akayafunga, akanionya: "Mama, ukishaiegesha itie kabari. Upepo wa ziwa hauombi ruhusa." Kweli, mvua zetu za alasiri huja na upepo mkali kabla ya tone la kwanza, na kabari zile zimeniokoa zaidi ya mara moja.

Si kila kitu kinahitaji kufuata jua. Mmea wa ZZ, ambao asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, hubaki kipandio cha chini. Huhifadhi maji katika shina lake la chini ya udongo na husahaulika wiki mbili bila kununa. Jirani naye ni mmea wa buibui, ule wa mistari myeupe, si mgagani tunaoupika na ambao Waluo huuita dek. Watoto wake wananing'inia nje ya rafu kama shanga.

Lakini kinachosimamisha wageni ni dapi la mama, chungu cha Kiluo cha maji. Lilitupozea maji ya kunywa kule Seme tangu sijaanza shule. Tulipomhamisha mama, shingo ilikatika na ufa ukashuka hadi kitakoni. Kila mtu alisema litupwe. Nililijaza udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, nikapanda kangaga. Ufa unatoa maji ya ziada, sikuhitaji kutoboa. Mchana wa joto kali, weka kiganja kwenye tumbo lake: ni baridi na limelowa jasho, kama zamani. Kando ya ufa umeota mstari wa kuvumwani, kijani kibichi, mwembamba kama uzi. Udongo wa chungu cha mfinyanzi hukauka upesi kuliko wa mkebe wa plastiki, hivyo hilo namwagilia kila asubuhi, mikebe mingine, isipokuwa ya ZZ, siku moja ndani ya tatu.

Septemba inaisha. Jumamosi tunang'oa kabari na kuvusha rafu sebuleni kwenda jikoni. Mimi nasukuma, mwanangu wa miaka 8 anatangulia, amekumbatia dapi la bibi yake kwa mikono miwili.