Kabla Hujamkataa Poirot Mpya

Kila inapotoka tamthilia mpya ya Poirot, Miss Marple au Sherlock Holmes, wale wapelelezi maarufu wa vitabuni, lawama huanza kabla hata sehemu ya kwanza haijaisha. "Huyu siye." "Wameiharibu." Mimi ni mtazamaji wa siku nyingi wa hadithi hizi za upelelezi, na nyumbani kwetu ugomvi wa namna hiyo hauishi, kaka yangu hufika mahali akazima televisheni akaenda kulala. Siku hizi najiuliza jambo moja kabla sijafungua mdomo: hapa namtetea mwandishi, au namtetea mwigizaji niliyemzoea?

Mchukue Poirot wa BBC wa mwaka 2018, aliyeigizwa na John Malkovich katika The ABC Murders. Watazamaji wengi walimkalia kooni kwa ajili ya ndevu tu. Wao walitaka yale masharubu ya nta yaliyosokotwa ncha. Wakaletewa mzee mwenye ndevu fupi kidevuni na uso uliochoka. Kaka hakumaliza hata nusu saa. Lakini ukimbana kaka vizuri, Poirot wake si wa Agatha Christie, mwandishi aliyemtunga, ni David Suchet, mwigizaji aliyeishika nafasi hiyo kwenye televisheni ya ITV tangu 1989 hadi 2013, sehemu 70. Suchet ni fundi, hilo halina ubishi. Ila tamthilia yake nayo ilipangua mambo kibao. Visa vya miaka ya 1950 vilirudishwa miaka ya 1930, na kina Hastings rafiki yake, Japp wa polisi na Miss Lemon katibu wake wakapachikwa kwenye hadithi ambazo kitabuni hawamo kabisa. Hatukulalamika kwa sababu ndivyo tulivyoikuta.

Tena ukikifungua kitabu chenyewe cha 1936, mwanzoni kabisa Hastings anashangaa jinsi nywele za rafiki yake zilivyo nyeusi licha ya umri, na Poirot anamwonyesha chupa ya dawa anayopaka. Uzee wa Poirot, basi, haukubuniwa na BBC. Christie aliuweka mwenyewe.

Kilichonikera mimi ni kingine. Tamthilia ile ilimpa Poirot maisha mapya ya nyuma: eti huko Ubelgiji alikuwa padri. Kitabuni ni polisi mstaafu, na ule mtindo wake wa kupanga ushahidi kama karani wa stoo unatokana na kazi hiyo. Ukimvua upolisi umemgusa akili, hukugusa nguo. Hapo lalamika, na mimi niko pamoja nawe.

Ndiyo maana nakushauri utenganishe sura na fundo. Sura ni ndevu, kofia, mwaka, rangi ya mtu. Fundo ni nani kaua, kwa nini, na kama dalili ziliwekwa mbele ya macho yako kwa haki. Mwaka huohuo wa 2018 BBC ilionyesha Ordeal by Innocence, ikabadilisha muuaji. Waliokisoma kitabu walikuwa na haki ya kuja juu: dalili alizozitega Christie zilikuwa zinaelekea kwa mtu mwingine. Lakini Murder is Easy ya 2023, nayo ya Christie, ilipomfanya mhusika mkuu Luke Fitzwilliam kijana wa Kinigeria anayeingia kijiji cha Uingereza mwaka 1954, kelele nyingi zilikuwa za rangi yake tu. Kitabuni Luke ni polisi Mwingereza anayerudi kutoka makoloni ya mashariki. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yaliisaidia hadithi: mgeni anaulizwa maswali kila mlango, nasi tunakiona kijiji kwa macho yake.

Kwa Holmes hali ni hiyohiyo. Ile kofia yenye vipeo viwili tunayoililia, deerstalker kwa Kiingereza, ilichorwa na Sidney Paget kwenye jarida la Strand. Conan Doyle mwenyewe, aliyemtunga Holmes, hakuitaja kwa jina hilo. (Kiko ni kweli anacho, na ndicho alichokirithi Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla kule Unguja.) Sherlock ya BBC ya 2010 ikamtupa kwenye London ya simu za mkononi, wengi wakaguna. Watson, rafiki wa Holmes, hata hivyo, hawakulazimika kumtungia vita: katika hadithi ya 1887 ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Afghanistan, na mwaka 2010 Waingereza walikuwa wakipigana hukohuko.

Na usidhani hasira hizi zimeletwa na intaneti. Conan Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893 wasomaji walimjia juu, na miaka kumi baadaye akamrudisha akiwa hai.

Sasa mambo ya vitendo. Usisome maoni ya watu kabla hujatazama. Bando lako litaisha kwa kusoma hasira za wenzio, na mara nyingi muuaji utatajiwa bure. Ipe tamthilia sehemu mbili, si dakika kumi. Ukiona jambo limekukera, kitafute kitabu usome ukurasa huohuo kabla ya kuandika chochote. Hadithi nyingi za Holmes zinapatikana bure kihalali mtandaoni, na nyingine ni fupi, unaimaliza kwenye foleni ya daladala.

Kama ndio unaanza, anza na And Then There Were None ya BBC ya 2015. Ni sehemu tatu tu: watu kumi, kisiwa kimoja, hakuna Poirot wala Marple wa kugombania. Kitabu kilitoka 1939. Christie alipokigeuza mchezo wa jukwaani mwaka 1943 aliulainisha mwisho, na filamu ya 1945 ikaufuata huo. Waliozoea filamu walidhani BBC imezidisha ukatili mwishoni, kumbe ndiyo iliyorudi kitabuni. Nilimwekea kaka bila kumwambia ni ya nani. Safari hii hakwenda kulala.