Barua kwa mwanangu anayetaka kutoka kwenye bendi

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nachambua mchele. Unataka kutoka kwenye bendi yenu ya roki hapo Nairobi wakati ndiyo kwanza mnaanza kualikwa. Wenzako wanakuita msaliti, na wewe unajitetea kwa Johnny Marr, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza The Smiths, aliyeiacha bendi yake akiwa na miaka 23 na asife njaa. Ukamalizia, "Mama, nikitoka nitakuwa nimekosea?"

Hapana. Ila huyo shahidi wako umemsoma nusu.

Nimemtafuta, jioni mbili nzima, miwani puani na simu ya kaka yako mkononi. Kijana wa Manchester, kazaliwa 1963, wazazi wametoka Ireland. Jina lake hasa ni John Maher. Alibadili tahajia kwa kuwa mji huohuo ulikuwa na mpiga dramu wa bendi ya Buzzcocks mwenye jina kama hilo, na mimi nimeipenda busara hiyo kwa kijana. Mwaka 1982, akiwa na miaka 18, akaenda kugonga mlango wa mwimbaji Morrissey kule Stretford wakatunge pamoja: yeye muziki, mwenzake maneno. Kwenye besi wakamweka Andy Rourke, rafiki wa Marr tangu shule, na kwenye dramu Mike Joyce. Albamu nne za studio kati ya 1984 na 1987, basi, bendi kwisha.

Ule wimbo wao wa 1983 ulionirushia, "This Charming Man", nilidhani umekosea faili. Mimi roki naijua kwa kukwaruza. Hili gitaa halikwaruzi, linadondoa noti mojamoja, jepesi, juujuu, halitulii. Ningelisikia kupitia ukuta wa baa ya hapa Magomeni mwaka 1984 ningesema magitaa ya solo na rithim yanajibizana. Kumbe Marr alipotoka tu The Smiths alikwenda Paris kupiga kwenye "Naked", albamu ya 1988 ya bendi ya Talking Heads, pamoja na wanamuziki wa Kiafrika waliokuwa wakiishi huko. Sikushangaa hata kidogo.

Sasa huo usaliti. Wewe umezaliwa Dar, nani kakufundisha kwamba kuhama bendi ni dhambi? Mwimbaji Mzee Gurumo alitoka bendi ya Juwata, hiyo hiyo Msondo, akaenda Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound na wenzake kadhaa, wakapiga mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Mwimbaji mwenzake Bitchuka naye ndiyo usiseme. Mashabiki walinuna wiki moja, ya pili wakalipa kiingilio wakacheza. Marr naye kahama bendi vivyo hivyo: The The, kisha Electronic na Bernard Sumner wa New Order, baadaye akavuka bahari kujiunga na Modest Mouse, na albamu yao ya 2007 ikashika namba moja Marekani. Kisha The Cribs, na tangu 2013 anatoa albamu kwa jina lake. Miaka yake The Smiths ni mitano tu. Hizo bendi nyingine zote kazipata kwa kutoka.

Na kilichomtoa hasa ni uchovu. Bendi haikuwa na meneja wa kudumu, kwa hiyo mtunzi wa muziki ndiye huyohuyo wa kushughulika na mambo ya magari na bili. Hapo ndipo nilipokuona wewe, unayetafuta ukumbi mchana na kutunga usiku.

Nusu uliyoiruka ni ya mahakamani. Pesa za kurekodi na za jukwaani, Morrissey na Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja, Rourke na Joyce 10 kila mmoja. Mkataba wa maandishi wa mgawo huo haukuwepo. Rourke, aliyekuwa na shida ya pesa, alikubali pauni 83,000 mwaka 1989 na kubaki na asilimia 10 yake. Joyce aling'ang'ania. Mwaka 1996 jaji akafungua sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890: kama hamkukubaliana vingine, wabia hugawana sawa. Robo yake akaipata, na malimbikizo yapata pauni milioni moja. Morrissey akakata rufaa, akashindwa. Miaka tisa baada ya bendi kufa, vijana waliopanda gari moja wanatazamana kupitia kwa mawakili.

Mimi hilo nalijua kwa upande wa mlangoni. Kabla hujazaliwa nilikuwa mkata tiketi wa bendi aliyopiga marehemu baba yako. Saa nane usiku, dansi limevunjika, namwaga hela mezani chini ya taa ya tyubu, nahesabu vishina vya tiketi, mwenye vyombo kasimama nyuma yangu. Anatoa petroli. Anatoa bia. Anatoa matengenezo ya spika, na spika hiyo iliungua kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kilichobaki ndiyo posho. Hakuna aliyehoji, maana gitaa ni lake, waya ni wake, hata shati la sare ni lake.

Lakini kilichomuumiza baba yako si yule bwana. Kuna wimbo mmoja, ule ambao watu walikuwa wanainuka kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kile kipande cha mwanzo alikitafuta kwenye ngazi za chumba chetu cha kupanga, gitaa bila umeme, anagusa nyuzi kwa ncha za vidole kwa sababu jirani alikuwa na kichanga. Nilikuwepo, nilikuwa naosha vyombo. Wakaurekodi Radio Tanzania, kisha ukaanza kuuzwa kwenye kaseti Kariakoo, na kwenye karatasi ya kaseti mtunzi ni mwimbaji peke yake. Mwimbaji hakuwa mwizi. Aliulizwa mtunzi nani, akajitaja, maana maneno yalikuwa yake kweli. Baba yako hakuuliza, mwimbaji hakueleza. Hawakusalimiana hadi msiba wa mpiga tumba wao ulipowakutanisha. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999. COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, inakuja, baba yako keshauza gitaa.

Kwa hiyo toka, mwanangu, lakini usitoke kwa kubamiza mlango. Waite wote wanne siku moja, mkiwa mmeshiba. Wimbo kwa wimbo, muandike nani alileta gitaa, nani maneno, nani alibadilisha mapigo, na kila mmoja anapata ngapi. Muandike jina la bendi linabaki kwa nani. Kila mtu aweke sahihi, na usifanye hayo kwenye kundi la WhatsApp, watu wanafuta. Umesema mpiga dramu wenu "hatungi, anapiga tu". Inawezekana. Hata mawakili wa Joyce hawakudai kwamba alitunga. Walidai kwamba hakukubali kupunjwa. Ukitaka kumpa kumi mwambie kumi, akatae au akubali wakati bado mnakula sahani moja.

Mimi ningempa zaidi ya kumi, lakini sikai kwenye mazoezi yenu.

Nauli ya kuja Pasaka nitakutumia mwisho wa mwezi, nikipata ya upatu. Dada yako anasema ulete yale majani ya chai ya mara ya mwisho.

Halafu, nilikuuliza mwezi uliopita ile amplifaya kubwa ilinunuliwa kwa hela ya nani, ukaniambia mtandao unakata. Jumapili ukipiga simu, uanzie hapo.

Mama yako