Anwani katika Mashairi ya Kiarabu

SWALI: Kwa nini mashairi ya Kiarabu ya sasa yana anwani (vichwa), ilhali kasida za kale hazina? — Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Ndugu msomaji, kasida ya kale ilitambulishwa kwa kina chake, yaani sauti ya mwisho wa beti, kama Hamziyya ya al-Busiri, yenye kina cha herufi hamza, au kwa maneno ya mwanzo, kama Banat Suad ya Ka'b bin Zuhayr. Shairi huru lililochipuka Iraki mwishoni mwa miaka ya 1940 liliuacha utaratibu wa kina kimoja, na anwani ikawa sehemu ya maana. Mshairi wa Iraki Nazik al-Malaika alipoliita shairi lake la 1947 “Kipindupindu”, msomaji alijua ni maradhi gani yaliyokuwa yakiiangamiza Misri kabla hajavisikia vilio vya beti za mwanzo. Bila ya anwani hiyo, naona, vilio vingekuwa vya msiba wowote.