Karamu ya ubatizo iwe tarehe 26, usimwache bibi jikoni

Mkuu, futa hiyo ratiba. Umeandika kwamba mnatoka Dar, mtoto abatizwe misa ya asubuhi tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, huko Marangu, Kilimanjaro, wageni wakae mezani saa 7 mchana, na "bibi na mashangazi watabaki nyumbani kuandaa". Hapo kwa bibi ndipo penye shida. Hayo mengine uliyouliza, nauli, bei ya mbuzi, turubai na zawadi za wazee, wadau watakujibu. Mimi nimekuja kwa hilo moja.

Nimelifanya hilo hilo kwetu Kibosho, huko huko Uchaggani, kwa mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuwa ameshaitangazia jumuiya yote tangu Majilio yaanze kwamba mjukuu wake anabatizwa Noeli. Alishona kitenge kipya. Mbege, pombe yetu ya ndizi, aliisimamia mwenyewe, kuanzia kuivisha ndizi mpaka kutia ulezi. Lakini ratiba ilisema saa 7 wageni wale, kwa hiyo asubuhi ile ile mbuzi wachinjwe, kisusio (supu ya nyama na damu) kichemke, ndizi za machalari, za kupikwa na nyama, zimenywe, na lazima pawe na mtu anayeamua chumvi na kuni. Mtu huyo angekuwa nani kama si mwenye jiko? Tukaondoka kwenda kanisani tumependeza, yeye akabaki na wake za kaka zangu na beseni la ndizi.

Tuliporudi mtoto yuko kwenye gauni jeupe, mshumaa wake nimeushika mimi. Mama akatoka jikoni anakimbia, akanyoosha mikono ampokee, kisha akasita. Viganja vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Akampokea kwa viwiko, amekunja ngumi kwa nje ili asichafue lile gauni, akauliza, "Alilia alipomwagiwa maji?" Basi. Hakulalamika, wala hakusema neno lingine. Kitenge kipya nilikikuta baadaye kitandani kwake, bado kimekunjwa.

Utomvu wa ndizi unaujua, hautoki kwa sabuni. Sikukuu yote alikuwa anawapokeza watu mbege kwa mikono ile, na kila nilipoiona nilikumbuka swali lake. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mtachoma tena Pasaka, mtachoma mwakani, mtachoma mtoto akipata kipaimara. Ubatizo mtu anapewa mara moja tu maishani na haurudiwi. Mwanamke aliyenifundisha mimi ishara ya msalaba hakuuona wa mjukuu wake, kwa sababu alikuwa anapika chakula cha kuusherehekea!

Ratiba ile ilitoka kwa binamu yangu mmoja, ndiye kiongozi wa grupu letu la ukoo WhatsApp. Dada yangu aliuliza mapema kama mama atawahi misa. Binamu akajibu kwamba Mungu anaangalia moyo, mama atasali jioni, na wageni wakikuta sufuria hazijaiva utaaibika ukoo mzima. Watu wakaweka vidole gumba, na mimi nikiwemo. Siku ya ubatizo yeye alikaa benchi la mbele kabisa na mke wake, akarudi akapewa mguu wa ndafu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "Mungu anaangalia moyo" ili mwanamke abaki jikoni, damu inanichemka. Kama ni moyo tu, abaki yeye amenye ndizi, Mungu atauona na wa kwake.

Na sisemi karamu ni dhambi. Watani zetu Wapare mnaosoma hapa, tulieni, nyama tunaipenda na hatujawahi kukana. Tunasafiri usiku kucha tukale pamoja kihambani, kwenye shamba la ukoo, watoto wajuane na binamu zao, wazee watuhesabu. Hiyo ni neema. Mungu aliyekubali kuzaliwa katika familia hawezi kuchukia familia kukaa mezani. Lakini soma vizuri Luka sura ya pili. Malaika hakwenda kwa watu waliokuwa wamekaa wakingoja kuhudumiwa. Alikwenda kwa wachungaji, watu waliokuwa zamu ya usiku, nao wakaenda Bethlehemu kumwona mtoto. Waliokuwa kazini ndio walioitwa kwanza. Sisi kwenye boma zetu tumegeuza: walio kazini ndio pekee wasiokwenda kumwona.

Kwa hiyo kwetu sasa tarehe 25 hatuiti mgeni wa chakula. Hakuna kuchinja asubuhi, hakuna sufuria kubwa. Tarehe 24 mchana tunapika kiburu (ndizi na maharage) cha kutosha, kesho kinapashwa moto na chai. Asubuhi nyumba inafungwa, wote tunashuka kanisani, pamoja na dada wa kazi na kijana anayekata majani ya ng'ombe. Majani ya siku hiyo yanakatwa jana yake. Anayetaka misa ya usiku aende, anayetaka ya mchana aende, Kanisa limeweka zote hizo ili asikose mtu. Mchana wanaume ndio wanachinja na kuandaa nyama, na tarehe 26 tunachoma ndafu na kuita watu.

Mashangazi walinung'unika mwanzoni kwamba Krismasi itakuwa imepita. Haijapita. Kikanisa ni oktava, siku nane, mpaka tarehe 1 Januari, na tarehe 26 nchi nzima iko mapumziko. Wanaofika tarehe 25 bila taarifa wanapewa chai na kiburu, na wanashukuru.

Mtoto wangu wa pili alibatizwa kwa utaratibu huo. Mama alikaa karibu kabisa na kisima cha ubatizo, amevaa kitenge kile kile, mikono misafi, na alimshika mtoto kabla ya msimamizi hajapata nafasi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempelekea jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ndilo la kuombea msamaha, nikamwomba anisamehe. Alilipokea akacheka, akasema nimechelewa lakini nimefika.

Umeuliza pia habari ya muziki, hapo sina la kusema. Ila piga simu parokiani leo, sio tarehe 23. Uliza parokia inabatiza misa ipi, maana si kila parokia inabatiza tarehe 25. Uliza kuhusu semina ya wazazi na wasimamizi, na chukua barua ya jumuiya yako ya Dar kabla hujasafiri. Halafu muulize bibi mwenyewe anataka kukaa wapi siku hiyo. Usimuulize shangazi, wala grupu la ukoo.