Kijana Anayekula Vizuri na Bado Anakonda

Umri wa miaka 13 hadi 19 ni umri wa kuongezeka urefu, misuli na uzito, na ndiyo maana kijana anayepungua hata kilo tatu bila sababu inayoeleweka anapaswa kupelekwa hospitali bila kusubiri likizo ijayo. Nimelijua hili kwa binti yangu, aliyerudi kutoka bweni akiwa ameibana sketi kiunoni kwa pini, huku kila jamaa akiwa na jibu lake: anarefuka, ana mawazo ya mtihani, ana minyoo. Dawa ya minyoo alipewa, na bado akaendelea kukonda.

Swali lililotufungulia njia liliulizwa na muuguzi wa zamu: "Je, anakula?" Alikuwa akila kuliko kaka yake mkubwa. Kijana aliyepoteza hamu ya chakula huwafanya wauguzi wafikirie kifua kikuu, maambukizi mengine ya muda mrefu au sonona, lakini anayekula sana na bado anakonda, huenda mwili wake haukifyonzi chakula, au unakichoma kupita kiasi, au hauwezi kukitumia.

Binti yangu alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayouwezesha mwili kuitumia sukari ya damu. Sukari hubaki kwenye damu, figo huimwaga kwa mkojo pamoja na maji mengi, na mwili uliokosa nishati huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Kwa hiyo kiu isiyokatika, kukojoa kila mara na kukonda vyote vina chanzo kimoja. Alikuwa akiamka usiku kunywa maji, na sisimizi walianza kujaa chooni kila alipotoka kukojoa. Kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka papo hapo. Mwenye dalili hizo akikutwa na sukari ya milimoli 11.1 kwa lita ya damu (mmol/L) au zaidi, saa yoyote ya siku, ni mgonjwa wa kisukari. Yeye alikutwa na 24. Naomba mzazi yeyote asijilaumu kwa soda wala peremende, kwani ugonjwa huu hausababishwi na vitu hivyo. Kwa wanaoogopa sindano za insulini, ambazo ndizo tiba yake, nawakumbusha kwamba mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa kijana wa miaka 14, mwezi Januari 1922, na kabla ya hapo watoto wa aina yake walikuwa wakifa.

Sukari ikiwa sawa, uchunguzi usiishie hapo. Mikono inayotetemeka, moyo kwenda mbio, kutovumilia joto na uvimbe shingoni huashiria tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku huhitaji kipimo cha kifua kikuu. Kuhara kwa muda mrefu au damu kwenye choo ni dalili ya matatizo ya utumbo. Kipimo cha virusi vya UKIMWI nacho kifanyike bila aibu, kwa sababu wapo waliozaliwa na virusi hivyo wakafikia balehe bila kugundulika. Na kijana anayekwepa kula na wenzake, au anayekwenda chooni kujitapisha kila baada ya mlo, aulizwe kwa upole na faragha, kwa kuwa huo pia ni ugonjwa unaotibika.

Lakini kijana aliyekonda akianza kutapika, kulalamika tumbo, kuhema kwa kina na kwa haraka, kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, au kusinzia ovyo, apelekwe hospitali usiku huohuo. Mwombeni daktari ampime sukari hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha kwamba anayo, kwa kuwa anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.