Tibakemikali bila kulazwa: maneno kwa anayeuguza

Mume wangu alipoambiwa atapewa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, bila kulazwa, baadhi ya ndugu walidhani hospitali imemkatia tamaa. Sivyo. Daktari wa saratani ndiye aliyepanga dozi, na damu ilipimwa kabla ya kila mzunguko wa dawa. Tofauti ni kwamba usiku wa manane anayemtazama mgonjwa ni wewe, si muuguzi.

Dawa yake moja iliingia kwa saa 46 kupitia pampu ndogo isiyotumia umeme. Ndani yake mna kipira kinachosinyaa polepole na kusukuma dawa hadi kwenye mshipa. Ukikikodolea macho kila saa utajitia wazimu bure. Linganisha asubuhi na jioni. Kisiposinyaa hata kidogo, angalia kama mrija umejikunja au kibano chake kimefungwa, kisha piga simu hospitali.

Homa ndiyo ya kuogopa. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na maambukizi yanaweza kuua ndani ya saa chache. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, piga simu saa hiyo hiyo. Usimpe parasetamoli kwanza, kwani inaificha homa. Akitetemeka au akianza kuongea ovyo, piga hata kama joto ni la kawaida.

Mgonjwa atakwambia, "Ngoja kukuche." Wangu alisema hivyo kila mara, tukagombana. Wagonjwa wengi hawapendi kusumbua watu, kwa hiyo uamuzi wa kupiga simu usimwachie yeye. Kabla hamjatoka hospitali, ulizeni namba ya usiku ni ipi, nani huipokea, na mkiambiwa mje mnaingilia mlango gani.

Mkojo na matapishi hubaki na dawa kwa takriban saa 48, hivyo vaa glavu unaposafisha, na mjamzito asivishike kabisa. Vidonge vya tibakemikali visisagwe wala kuvunjwa, hata kama kumeza kunamtesa. Badala yake mwambie mfamasia.

Mpango huu haumfai kila mtu. Mgonjwa anayeishi peke yake, au mbali kiasi kwamba usiku hapati usafiri, aseme hivyo mapema, kabla ratiba haijapangwa. Kuomba kitanda si udhaifu, na daktari akijua hali ya nyumbani anaweza kubadilisha dawa au mahali pa kuitolea.